Mradi Inatembea

Kwenye barabara inayotoka Uvira, ikaambaa na Ziwa Tanganyika mpaka Baraka, kisha ikapanda milima kwenda Fizi, pikipiki hubeba karibu kila kinachoweza kufungwa kwa kamba. Hubeba magunia ya muhogo, vikapu vya ndagala, madumu ya mawese, mabati, godoro la maharusi, na mgonjwa aliyekalishwa katikati ya dereva na ndugu yake ili asianguke. Kwenye ramani hiyo ni barabara ya taifa namba 5, lakini mvua huikata itakapo. Lori likizama kwenye tope, pikipiki hupita pembeni. Daraja likichukuliwa na maji, vijana huiinua pikipiki na kuivusha mabegani. Ndiyo maana kwetu fundi pikipiki ana wateja kabla jua halijachomoza.

Gereji zetu nyingi ni kivuli cha mwembe, benchi, kopo la esansi, yaani petroli, ya kuoshea vyuma na sanduku la spana. Motari, yule dereva wa pikipiki ya kukodi, husimama bila kuzima injini. "Mukubwa, niangalilie hapa kidogo." Fundi huinama, husikiliza, hukaza, huziba palipopasuka kwa kipande cha mpira wa tairi na kufunga kwa waya. Kisha linakuja swali moja na jibu moja. "Inatembea?" "Inatembea." Motari anaondoka.

Sina neno baya juu ya ufundi huo. Motari wengi pikipiki si zao. Jioni kuna fedha ambayo lazima imfikie mwenye chombo, na kinachobaki ndicho bugali na sombe ya nyumbani. Saa moja ya kukaa chini ya mwembe inakula chakula cha watoto wake. Fundi anayemrudisha barabarani upesi, bila kipuri kipya, ametumia akili ambayo si rahisi kuipata darasani. Ila nimekuja kuamini kwamba ufundi huo una mpaka, na mpaka wake ni lile jibu. Ikitembea, kazi imekwisha. Yaliyobaki yote, boliti iliyokosa nati, beringi inayolia, cheni iliyovutika, yanaachwa mpaka yaharibike kabisa.

Mimi najishughulisha na kazi inayoanzia pale ufundi huo unapokomea. Jioni, na Jumapili baada ya ibada, naunda na kufufua pikipiki ndogo, zile ambazo gurudumu lake linafika gotini na kiti chake kinamtosha mtoto wa miaka kumi. Mtu mzima akikaa, magoti yanamfikia kifuani. Fremu natengeneza kwa mabomba ya vitanda vya chuma vilivyotupwa. Magurudumu ni ya toroli. Injini ni ya pampu ya maji, au ya jenereta ndogo ambayo mwenyewe ameikatia tamaa. Kazi hii hainiingizii hata faranga moja, wala sijaitafutia soko. Naipenda.

Watoto wa jirani huja kutazama, na swali lao la kwanza ni lilelile: "Papa, hii iko ya kubeba nini?"

"Haibebi kitu. Itakubeba wewe."

Hawaridhiki. Wanazunguka nyuma kutafuta keria, wanapima kwa mikono kama dumu la lita 20 linaweza kukaa. Mtoto wa Fizi hajaona gurudumu lisilofanya kazi. Baiskeli anayoijua inabeba matofali, pikipiki anayoijua inamlipia shule, na hata yeye mwenyewe, tangu alipoweza kushika ndoo, ni mbebaji. Chombo cha magurudumu kilichoundwa kwa ajili ya furaha yake peke yake kinamtatiza, na ninapomwona ametatizika hivyo najua kwamba kazi yangu ina maana zaidi kuliko nilivyodhani nilipoianza.

Kivu yetu ina mfano mkubwa wa chombo cha kuundwa kwa mikono, nao ni chukudu ya Goma: baiskeli ya mbao isiyo na kanyagio, yenye magurudumu ya mbao yaliyovikwa mpira, inayoteremka milimani na mamia ya kilo za viazi, makaa au kabeji. Goma imeijengea sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara, na ni haki, maana imelisha mji ule. Lakini pembeni ya zile kubwa kuna ndogo, ambazo watoto wanajichongea ili wateremkie mlima wakipiga kelele. Mikono inayochonga ekseli ya kubeba magunia ilijifunza wapi kwamba gurudumu likipinda kidogo tu chombo kizima kinavuta upande? Vile vidogo vya kuchezea ni shule isiyotoza karo, na mwanafunzi wake hahitaji kuitwa na kengele.

Pikipiki ndogo zenye injini nazo zina historia yao, na imekwenda kinyume na ile iliyozoeleka ya vyombo. Vingi huanza kwa matumizi ya amani, kisha vita vikavichukua. Pikipiki hizi, angalau kwa tawi moja, zilianzia vitani. Mwaka 1942 Waingereza walianza kutengeneza Welbike, pikipiki ya kukunja yenye injini ya Villiers ya sentimita za ujazo 98 na uzito wa kilo 32 hivi, iliyobuniwa iingie ndani ya kasha la kudondoshwa kwa parachuti pamoja na askari. Haikuwa na taa wala springi. Vita vilipokwisha, wazo lilelile likageuzwa kuwa Corgi, pikipiki ya raia wa kwenda sokoni na kazini. Kisha mwaka 1961, katika bustani ya michezo ya Tama Tech karibu na Tokyo, Honda ikatengeneza kipikipiki cha watoto chenye magurudumu ya inchi 5 na injini ya sentimita za ujazo 49 iliyotoka kwenye Super Cub. Watu wazima walipokipanda walionekana kama nyani, na jina la Monkey likabaki. Marekani, katika miaka hiyohiyo ya 1960, vijana walikuwa wakichomelea mabomba na kufunga juu yake injini za mashine za kukatia majani.

Leo wapenzi wa pikipiki ndogo huko wanatumia sana injini za familia ya Honda GX, iliyoanza mwaka 1983, na nakala zake zinazotengenezwa China. Ndizo hizihizi. Injini ambayo mtu wa Ohio anainunua ili ajifurahishe ni ndugu wa ile iliyo nyuma ya kinyozi wetu, inayochaji simu za mtaa mzima, na ya ile pampu inayonyonya maji bustanini. Malighafi ya kazi hii tunayo tayari, tena imelala nyuma ya nyumba zetu ikipata kutu. Tulichokosa ni ruhusa ya kuigusa bila sababu ya fedha.

Nieleze jinsi inavyokwenda. Injini hizi zina gavana inayozizuia zisipite sana mizunguko 3,600 kwa dakika. Gurudumu la toroli lina kipenyo cha sentimita 40 hivi, kwa hiyo kila mzunguko wake unasogeza chombo kama mita 1.25. Nawaambia watoto wakokotoe chini, kwenye mchanga, kwa kijiti: injini ikilizungusha gurudumu moja kwa moja, tutakwenda kasi gani? Wanapata mita 4,500 kwa dakika, yaani kilomita 270 kwa saa, na wanashangilia. Hapo namwita mkubwa wao ajaribu kuendesha baiskeli kwa gia nzito kwenye kilima, aone jinsi miguu inavyokataa. Injini nayo itakataa vilevile; itazimika kabla ya kusogea. Lazima tuuze kasi tununue nguvu.

Basi tunagawanya kwa 12. Puli ya sentimita 5 kwenye injini inazungusha puli ya sentimita 20 kwenye shafti ya katikati: hapo tumegawanya kwa 4. Kwenye shafti ileile kuna sproketi ya pikipiki ya meno 14 inayovuta cheni hadi sproketi ya meno 42 kwenye gurudumu: hapo tumegawanya kwa 3. Nne mara tatu, kumi na mbili. Gurudumu sasa linazunguka mara 300 kwa dakika, na chombo kinakwenda chini kidogo ya kilomita 23 kwa saa, mwendo unaotosha kabisa kwa mtoto na unaotosha kumvunja mkono asipoheshimu. Klachi ya kujishika yenyewe, ambayo wenzetu wa ng'ambo wanaagiza dukani, hapa si rahisi kuipata, kwa hiyo ukanda unaounganisha puli unaachwa ulegee na puli ndogo ya tatu inausukuma ukaze pale dereva anapokanyaga. Akiinua mguu, ukanda unateleza, chombo kinasimama, injini inaendelea kunguruma. Mtoto aliyekwisha kuliona hilo kwa macho yake hatasumbuka tena kuelewa klachi ya pikipiki, ya lori wala ya trekta.

Nina sheria moja isiyovunjwa: breki kwanza, injini baadaye. Chombo kinasukumwa kwa mkono kikiteremka, kinasimamishwa, kinasukumwa tena, mpaka breki ishike bila kuvuta upande. Kofia ya kichwani nayo si mjadala. Injini inafungwa mwisho, baada ya chombo kuonyesha kwamba kinajua kusimama.

Nikitoka kwenye vile vidogo, nashika pia injini za pikipiki kubwa, na hapo ndipo nilipofundishwa tofauti ninayotaka kuisema. Pikipiki nyingi za Kichina zilizopita kwenye barabara zetu zina injini iliyonakiliwa kutoka Honda CG125 ya mwaka 1976. Honda ilikuwa tayari na injini zenye kamshafti juu ya kichwa, zinazohitaji mafuta safi na matunzo. Lakini ilijua kwamba katika nchi nyingi pikipiki inabebeshwa kupita kiasi, oili haibadilishwi, na chujio la hewa linasahauliwa. Kwa hiyo kwa CG wakarudi kwenye mfumo wa zamani wa fimbo za kusukuma valvu, wa taratibu zaidi lakini mvumilivu. Kila nikiifungua injini hiyo namshukuru mhandisi aliyeibuni. Alimfikiria mtu ambaye hana muda wala fedha, na hakumdharau.

Hata hivyo uvumilivu wake una sharti moja dogo. Kati ya valvu na mkono unaoigonga panatakiwa nafasi ya milimita 0.08, inayokaribiana na unene wa karatasi ya daftari. Nafasi ikizidi, injini inapiga kelele na kupoteza nguvu. Ikipungua, valvu haifungi sawasawa, joto linaila, na siku moja pikipiki inakataa kuwaka. Kuirekebisha ni kazi ya muda mfupi: unafungua kifuniko cha juu, unazungusha injini polepole mpaka alama ya T kwenye sumaku ilingane na alama ya mwili, unahakikisha valvu zote mbili zimefunga, unaingiza bati la kupimia, unalegeza nati, unakaza skrubu mpaka bati livutike kwa shida kidogo, unafunga nati huku umeishikilia skrubu isisogee. Kisha unapima tena, maana nati ikikazwa hupenda kuiburuta.

Ila kipimo hicho ni cha injini iliyopoa. Chuma kikipata moto hutanuka, na nafasi unayoipima si ile ya kweli. Na pikipiki ya kazi haipoi mchana kutwa. Inawaka alfajiri, inazimwa usiku. Motari akija saa sita mchana na valvu zinazogonga, fundi anazirekebisha kwa sikio zikiwa zinachoma vidole, na inatembea. Si kwamba hajui. Kanuni ya chuma inadai usiku mmoja wa utulivu, na maisha ya motari mara nyingi hayana usiku huo wa kutoa. Pikipiki isiyodaiwa fedha na mtu ndiyo inayoweza kusubiri ipoe bila shida. Nilipoelewa hilo nilielewa kwa nini kazi ya kupenda inafundisha mambo ambayo kazi ya shida haiwezi kuyafundisha, hata kama mikono ni ileile na spana ni zilezile.

Nimejiuliza pia tumeanza lini kuridhika na bora liende. Sidhani ni uvivu. Watu wa hapa si wavivu. Nadhani tabia hiyo tumeipata kwa kukimbia. Wazee wa Fizi wanahesabu maisha yao kwa kukimbia: uasi wa 1964 na mapigano ya 1965, mwaka ambao Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma na kukaa milimani mwetu kuanzia Aprili hadi Novemba, miaka ya maquis, yaani uasi wa msituni, ya Laurent-Désiré Kabila, vita vya 1996, mwaka ambao kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa Tanzania na wengi wetu wakalelewa humo, kisha vita vya 1998. Mwaka 2005 meli zikaanza kuturudisha kutoka Kigoma hadi Baraka. Hatujatulia sana tangu hapo, na mwaka 2015 sisi wenyewe tukawa wenyeji wa wakimbizi wa Burundi katika kambi ya Lusenda.

Katika kila moja ya safari hizo, kilichotembea ndicho kilichookoa watu. Baiskeli isiyo na breki ilimtoa bibi kijijini. Mtumbwi uliozibwa kwa matambara ulivusha familia usiku. Hakuna aliyeuliza kama kimekamilika. "Inatembea?" lilikuwa swali la kufa na kupona, na jibu la ndiyo lilikuwa uhai. Nani atapaka rangi mlango wa nyumba ambayo anajua ataikimbia? Nani atasubiri injini ipoe? Kwa hiyo tulijifunza kukomea pale chombo kinapoanza kusogea, na somo hilo halikubaki kwenye vyombo. Ninaliona kwenye daraja la magogo linalowekwa kwa muda likakaa miaka, na kwenye darasa lenye paa lakini halina madirisha. Mradi inatembea.

Kukamilisha kitu, basi, ni kuiamini kesho. Mtu anayekaza boliti ya mwisho ya pikipiki ya mtoto, akaipaka rangi, akalainisha ncha za mabomba ili zisimkate, anaishi kama mtu ambaye hatahama mwezi ujao. Huenda akakosea. Mwaka 2025 Goma na Bukavu zilitekwa, na kila aliyeko kwenye ziwa hili alianza tena kutazama barabara. Siwezi kumwahidi mtoto yeyote wa Baraka kwamba hatakimbia. Ninachoweza ni kumwonyesha, kwa mikono yake mwenyewe, kitu kilichofanywa mpaka mwisho, ili siku amani ikikaa ajue jinsi kinavyofanana.

Kuna pingamizi ambalo nalisikia na kuliheshimu. Jirani mmoja, mama aliyepandishwa pikipiki akiwa na uchungu wa kuzaa ili awahi hospitali ya Baraka, aliniuliza kwa upole kama esansi ninayochezea haingefaa kumsogeza mgonjwa. Sikumjibu haraka. Esansi yetu husafiri mbali kabla ya kufika, na bei yake inauma. Vipikipiki hivi vinakunywa kidogo na vinawashwa kwa nadra. Sehemu kubwa ya furaha yake iko kwenye benchi, si barabarani. Lakini hilo si jibu la kutosha kwa mama yule. Jibu langu la kweli ni kijana.

Kijana huyo alianza kwa kunishikia tochi. Baadaye akawa ndiye anayeosha kabureta, akichomoa uzi mmoja mwembamba kwenye waya wa breki uliokatika na kuupitisha kwenye tundu la jeti bila kulikwaruza, kisha akaiinua jeti juani kuona kama mwanga unapita. Leo ana benchi lake chini ya mwembe. Anafanya kazi ya haraka kama wenzake wote, maana wateja wake hawana muda zaidi kuliko wateja wa wengine. Lakini motari wanaolala karibu naye amewazoesha jambo moja: mara kwa mara pikipiki inalala kwake. Anaamka kabla ya adhana ya alfajiri, injini ikiwa baridi, anapima valvu, anakaza sproketi, na saa kumi na mbili motari anaikuta tayari. Hakuna saa ya kazi iliyopotea. Pikipiki inayombeba mama wa kujifungua usiku, ningependa iwe imepita mikononi mwake.

Ndiyo maana sasa nathubutu kuomba. Mafundi wa Baraka, Fizi, Mboko na kote ziwani, tunzeni injini moja iliyokufa chini ya benchi, isiyo ya mteja, na mwacheni mtoto aifungue Jumapili, hata akipoteza boliti mbili. Wenye kuchomelea, msitupe vipande vya bomba. Walimu wa shule za ufundi, ambao mara nyingi mnafundisha injini kwa picha ya ubaoni, chukueni pampu mbovu ya jirani muiweke mezani. Na wazazi, mtoto akirudi na mikono myeusi kutoka kwenye kitu kisichobeba chochote, msimuulize kimempa faranga ngapi. Muulizeni kama amekimaliza.